Mshauri Mwelekezi na Deni la Ripoti Yake

Mtaalamu anayelipwa kuichunguza taasisi isiyo yake na kuiambia ijipange vipi ana majina kadhaa katika Kiswahili cha Tanzania. Mitaani huitwa konsaltanti, wengine humwita mtaalamu mshauri, na lugha ya zabuni za serikali imeshika mshauri mwelekezi, kazi yake ikiwa ushauri elekezi. Wapo wasioipenda istilahi hii ya mwisho. Wanasema mshauri hushauri tu, na kumwongezea uelekezi ni kumpa mgeni madaraka ya mwenye nyumba. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona inamsaidia mshauri kukwepa. Kumwelekeza mtu ni kumgeuza atazame upande fulani; hajalazimishwa kutembea, ila akitembea, aliyemwonyesha upande huo ana sehemu yake katika safari. Ripoti iliyolipiwa hufanya kazi hiyohiyo, na maadili ya taaluma hii yanaanzia katika kulikubali jambo hilo.

Mfano mkubwa tulionao ni mpango wa Madaraka Mikoani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mwalimu Nyerere iliiajiri kampuni ya Kimarekani ya McKinsey isaidie kuupanga upya utawala wa nchi. Mpango ulianza mwaka 1972: watumishi wa wizara walipelekwa mikoani, wakateuliwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, na halmashauri za wilaya zilizokuwa na madiwani wa kuchaguliwa zikafutwa, za miji zikafuata. Kwenye karatasi, mchoro wa vyeo ulipendeza. Ukanda wa Ziwa Viktoria, hata hivyo, ulikuwa na historia isiyoingia katika mchoro. Wakulima wa pamba walikuwa wamejenga Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, Paul Bomani akiliongoza. Mwaka 1958 watu wa Geita waliikataa halmashauri ya mseto wa rangi waliyopangiwa na wakoloni, wakaandamana hadi Mwanza, na serikali ikarudi nyuma. Kwa watu kama hao halmashauri ilikuwa jambo walilolipigania, nao sasa waliletewa mkurugenzi wasiyemchagua wala kuweza kumwondoa. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978, za wilaya mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1984 Nyerere alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. (Vyama vikuu vya ushirika, kikiwamo cha Nyanza, vilivunjwa mwaka 1976, kwa hiyo mzigo huo si haki kuutwika mpango wa 1972.)

Mtetezi wa washauri atasema: aliyeamua ni serikali, tena serikali iliyokuwa na dira yake kabla McKinsey hawajafika. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyofuta halmashauri. Lakini mteja huajiri mshauri kwa sababu anaamini hana ujuzi huo mwenyewe. Basi atautumia ujuzi gani kuupima ushauri? Uhuru wake wa kukataa upo, ila ni mwembamba kuliko unavyosomeka kwenye mkataba. Pia wapo wateja walioamua zamani, wanaotafuta tu jalada zuri la kufunikia uamuzi wao. Mshauri anayekubali kuwauzia jalada hilo hajashauri kitu.

Wengine wanahofia kwamba mshauri akibebeshwa dhamana atakuwa mwoga, aandike mambo ya kati kwa kati yasiyomkosesha usingizi. Hofu hiyo inajibiwa na daraja la Kigongo–Busisi katika Ziwa Viktoria, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa mwaka 2025. Wahandisi washauri walioisimamia kazi ile wako katika taaluma yenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayoweza kumfutia mtu usajili, na daraja limejengwa. Wahasibu nao wana bodi yao, NBAA. Anayeshauri juu ya uongozi hapiti katika mtihani wa bodi za namna hiyo, ingawa ripoti yake inaweza kupunguza wafanyakazi wa kiwanda kizima.

Rushwa ni sehemu rahisi ya mjadala huu, maana sheria inaijua. Desemba 2024 tawi la McKinsey la Afrika lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 120 kumaliza kesi ya hongo iliyohusu mashirika ya umma ya Afrika Kusini. Kigumu zaidi ni ushauri usio na hongo lakini wenye mwelekeo ulionunuliwa. Kwa mfano, tangu Januari 2024 serikali ya Tanzania imekuwa ikitoa vizimba vya samaki na boti kwa mkopo kandokando ya ziwa, na vikundi huhitaji mtu wa kuandika mchanganuo wa biashara. Mwandishi huyo akilipwa asilimia ya mkopo utakaotoka, atapata wapi moyo wa kuandika kwamba kikundi hakijawa tayari?

Madiwani wa Nyamagana, Ilemela, Sengerema na Ukerewe, mkoani Mwanza, wanaweza kuanza kuwawajibisha washauri bila kusubiri bodi. Kabla ya kupitisha fedha za ushauri elekezi, waombe hadidu za rejea na wahakikishe zina masharti matatu: mshauri aeleze nani mwingine anamlipa, ripoti isomwe kwa Kiswahili mbele ya wale itakaowagusa, na sehemu ya malipo izuiwe hadi atakaporudi, baada ya mwaka mmoja, kujibu maswali yao.