Masi si Erthi

Malori yanayobeba shaba na kobalti ya Kolwezi, Kongo, hupita Likasi na Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa, kisha hukatiza Zambia kuelekea Dar es Salaam au Durban. Foleni ya mpakani yaweza kula siku kadhaa, na dereva hulala, hupika na kufua papo hapo. Hivyo lori huwa nyumba yake: lina kitanda nyuma ya usukani, redio, feni, friji ndogo, pengine na runinga, na kila kimoja kimefungwa na fundi wake, nyaya juu ya nyaya.

Lori kama hilo likifika kwa mafundi wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi kando ya Kolwezi, Viswahili viwili hukutana. Fundi atasema, "Papa, masi ndiyo inasumbua." Dereva wa Mbeya atakodoa macho mpaka aonyeshwe waya mnene uliofungwa kwenye fremu. "Kumbe erthi!" Wataelewana na kazi itaendelea. Lakini maneno hayo hayalingani, na kwa maoni yangu la Kapata ndilo lenye shabaha.

Masi imetoka kwenye Kifaransa, lugha ambayo mafundi wa Kongo walisomea ufundi wao. Kifaransa kina neno la udongo ambamo umeme humwagwa, na neno jingine, ndiyo masi, la mwili wa chuma wa mashine. Kiingereza cha Uingereza hutumia neno moja la ardhi kwa yote mawili, nasi wa Dar es Salaam na Nairobi tukalipokea hivyo hivyo. Hapo zamani lilikuwa na haki yake. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil alionyesha kwamba telegrafu haihitaji waya wa pili, kwa kuwa mkondo waweza kurudi kupitia udongo wenyewe. Gari, hata hivyo, limesimama juu ya mpira. Mkondo hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita fyuzi, swichi na taa, kisha hurudi ncha hasi kupitia chuma cha fremu. Udongo haumo kabisa katika safari hiyo.

Kuiita masi "hasi" nako hakutoshi. Magari mengi ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, Land Rover zikiwemo, yalifungwa ncha chanya kwenye bodi. Na mfasiri atakayeandika "waya wa tungamo" kwa sababu neno hilo la Kifaransa lina maana hiyo kwenye fizikia, apewe spana akaufunge mwenyewe.

Kwa nini masi ndiyo husumbua magari ya zamani? Waya wa kwenda una ganda na una fyuzi. Njia ya kurudi mara nyingi hutegemea boliti moja chini ya fremu, inayopigwa tope masika na vumbi kiangazi. Kutu na rangi huingia katikati, na ukinzani hupanda. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: unakanyaga breki, na taa ya indiketa inawaka hafifu. Mkondo uliokosa njia nyuma ya taa umepenya kwenye balbu ya jirani kutafuta pa kurudia. Wengi hapo hubadilisha balbu, kisha swichi, kisha fyuzi. Fyuzi wanaionea bure: masi mbovu hupunguza mkondo, haiuzidishi.

Jaribio la kupima kama waya "unapitisha" nalo hudanganya, kwa sababu mita husukuma mkondo mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utafaulu jaribio hilo, kisha utashindwa taa ikiwashwa. Pima volti huku kifaa kinafanya kazi. Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha kishikio cha taa. Ikisoma karibu na sifuri, masi ni nzima. Ikisoma nusu volti au zaidi, sogeza ncha hatua kwa hatua kuelekea betri; pale usomaji unaposhuka ghafla, umeipita hitilafu. Fungua boliti, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Tofauti ya masi na erthi huwa jambo la uhai pale dereva anapofunga inveta ya volti 220 ili awashe jiko au runinga. Masi hurudisha mkondo kila dakika taa inapowaka. Erthi hukaa kimya bila mkondo mpaka waya wenye umeme uguse ganda la kifaa. Hapo huubeba mkondo huo ili swichi ya usalama ikate kabla mtu hajapigwa. Anayeyaita yote mawili erthi huona waya mmoja umeshafungwa kwenye fremu, akadhani kinga ipo.

Kwa hiyo ombi langu kwa watunga kamusi na walimu wa vyuo vya ufundi: liingizeni neno masi kwa maana ya mwili wa gari unaorudisha mkondo, na erthi ibaki ya udongo na usalama. Mafundi wa Kolwezi wanalitumia tayari, na limezoeleka.