Kikombe cha maziwa shuleni: nani alikileta, nani alikiondoa

Mwezi wa pili mwaka 1930, katika eneo la Lanarkshire huko Scotland, watoto wapatao 20,000 wa shule za msingi walipimwa uzito na urefu. Lanarkshire ilikuwa nchi ya migodi ya makaa na viwanda vya chuma, na wakati huo kazi zilikuwa zimepungua sana. Baada ya kupimwa, watoto 10,000 walianza kupewa maziwa kila siku ya masomo, karibu nusu lita kwa kila mmoja. Wengine 10,000 hawakupewa kitu. Mwezi wa sita wote walipimwa tena.

Wakubwa walitaka kujua hasa jambo hili: je, mtoto anayekunywa maziwa shuleni anakua kuliko mwenzake asiyekunywa?

Swali hilo lilikuwa na mizizi katika vita. Uingereza ilipopigana Afrika Kusini kati ya 1899 na 1902, vijana wengi waliokuja kujiandikisha jeshini walirudishwa nyumbani kwa sababu miili yao ilikuwa dhaifu. Viongozi walishtuka. Mwaka 1906 sheria iliruhusu halmashauri kuwalisha shuleni watoto wenye njaa. Ndivyo chakula cha shule kilivyoanza: serikali ilihitaji askari na wafanyakazi wenye nguvu, na huruma ilikuja pamoja na hesabu hiyo.

Matokeo ya Lanarkshire yalionekana kuwa mazuri. Waliokunywa maziwa waliongezeka uzito na urefu kuliko wengine. Lakini mwaka 1931 mtaalamu wa hesabu za takwimu, William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha pombe cha Guinness kule Dublin, aliandika kwamba hesabu hiyo ilikuwa na kasoro kubwa.

Watoto walipaswa kuchaguliwa kwa kura au kwa kufuata herufi za majina. Lakini walimu waliruhusiwa kubadilisha majina kidogo wakiona kundi moja lina watoto walioshiba mno au wenye afya mbaya mno. Inaonekana walimu walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye moyo angefanya: waliwaingiza watoto maskini katika kundi la maziwa. Makundi hayakulingana tena tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo. Mwezi wa pili ni baridi kali, na mtoto wa tajiri huvaa nguo nzito. Mwezi wa sita ni joto, naye amezivua. Mtoto maskini hana koti la kuvua. Kwa hiyo sehemu ya tofauti iliyoonekana kwenye mizani ilikuwa ya nguo.

Wataalamu bado wanafundisha kisa hicho kama mfano wa utafiti ulioharibika. Lakini mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya ugawaji akiwa na jetoni mkononi atakiona kwa jicho lingine. Mwalimu aliyepewa orodha, na mbele yake amesimama mtoto mwenye njaa ambaye jina lake halimo, alivunja orodha.

Kilicholeta maziwa katika shule zote za Uingereza hakikuwa utafiti peke yake. Miaka ile bei ya maziwa ilikuwa imeanguka na wafugaji walikuwa wanapata hasara. Mwaka 1933 liliundwa baraza la kusimamia soko la maziwa, na mwaka 1934 ukaanza mpango mkubwa: kila mtoto wa shule aliweza kununua chupa ndogo, kama mililita 190, kwa nusu peni. Serikali ililipa tofauti. Mfugaji akapata soko, mtoto akapata maziwa.

Nusu peni ni pesa ndogo, lakini mzazi asiye na kazi na mwenye watoto wanne shuleni hawezi kuilipa kila siku. Mwaka 1946 maziwa yakawa ya bure kwa wanafunzi wote walio chini ya miaka 18. Waziri wa elimu wakati huo alikuwa Ellen Wilkinson, mbunge wa Jarrow, mji ambao wanaume wake wasio na kazi walitembea kwa miguu hadi London mwaka 1936 kudai kazi. Njaa aliijua kwa macho.

Hata hivyo, kilichotolewa kwa sheria kiliondolewa kwa sheria. Mwaka 1968 serikali ya chama cha Labour ilifuta maziwa ya bure katika shule za sekondari ili kupunguza matumizi. Mwaka 1971 waziri wa elimu Margaret Thatcher aliyafuta kwa watoto waliozidi miaka saba. Walimwita mnyang'anyi wa maziwa, na jina hilo lilimfuata hata alipokuwa waziri mkuu.

Upande wa Afrika, maziwa ya msaada yalikuja kwa njia nyingine. UNICEF iliundwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1946 ili kuokoa watoto wa Ulaya iliyobomolewa na vita. Katika miaka ya 1950 maziwa yake ya unga yalifika Afrika pia, hata Kongo ya Wabelgiji, kupambana na kwashiorkor. Huku Kivu ugonjwa huo unajulikana kwa jina la bwaki: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, mtoto anakosa furaha. Madaktari wa Lwiro waliuchunguza kwa miaka mingi, na mjini Bukavu kuna shirika lililochukua jina lake, Comité Anti-Bwaki. Maziwa ya unga yaliponya wengi. Lakini yalitoka mbali, hayakumpa mfugaji wa hapa soko lolote, na yalitegemea uamuzi wa watu wa mbali.

Kenya ilijaribu njia yake. Mwaka 1979 rais Daniel arap Moi alianzisha maziwa ya bure katika shule za msingi, yaliyojulikana kama maziwa ya Nyayo. Yalikuwa mililita 200 katika pakiti ndogo zenye pembe tatu, na yalitengenezwa na kampuni ya maziwa ya KCC. Watoto waliongezeka sana madarasani, ingawa wakati huohuo karo nazo zilikuwa zimeondolewa, kwa hiyo sifa zote haziwezi kupewa maziwa. Wakenya waliosoma wakati ule bado wanazikumbuka pakiti zile. Katika miaka ya 1990 pesa zilipungua, KCC ikayumba, na pakiti zikaacha kufika.

Swali la Lanarkshire lilirudi hukohuko Kenya. Kuanzia mwaka 1998, katika shule 12 za Embu, watafiti walichagua kwa kura shule za kupewa githeri, yaani mahindi na maharagi, iliyoongezwa nyama, maziwa au mafuta, na shule za kubaki bila kitu kwa muda. Safari hii shule nzima ilipata chakula kilekile, hivyo mwalimu hakulazimika kuchagua mtoto. Maziwa yaliwasaidia kurefuka hasa watoto wadogo waliokuwa wamedumaa. Upande wa akili, waliokula nyama ndio waliofanya vizuri zaidi.

Maana yake ni kwamba maziwa ni chakula kizuri, si dawa ya kila kitu. Yanachukua pia magonjwa: zamani Uingereza watoto wengi walipata kifua kikuu kupitia maziwa mabichi, na ndiyo sababu maziwa yanapaswa kuchemshwa. Wengine tumbo lao halivumilii maziwa, lakini mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, huwasumbua kidogo. Pasipo maziwa, maharagi, karanga, soya na sambaza vinasaidia kuujenga mwili wa mtoto.

Historia hii yote imesimama juu ya mafiga matatu: mfugaji mwenye ng'ombe na soko, serikali inayolipa, na mlango wa shule ulio wazi. Figa moja likitoka, chungu kinamwagika. Nchini Kongo, masomo ya bure ya shule ya msingi yaliyoanza mwaka 2019 yalifungua mlango kwa watoto wengi, lakini hayakujaza tumbo la mwanafunzi. Na katika Masisi, nchi ya malisho na jibini, familia nyingi zilikimbia vita na kuacha ng'ombe zao nyuma. Watoto waliokuwa wakinywa maziwa ya nyumbani sasa wanasubiri chakula cha mgao, na baadhi yao wanalala katika madarasa ambamo wangepaswa kusoma.

Siku watakaporudi makwao, kitakachohitajika kwao si unga wa msaada tu. Watahitaji barabara yenye usalama, ng'ombe wachache, na mwalimu mwenye kikombe mkononi ambaye halazimiki kuchagua nani anywe na nani aangalie.