Mjadala wa Kiunganishi "na" katika Historia ya Mpaka Baina ya Semantiki na Pragmatiki, 1938–1988

Mwaka 1938 Charles Morris aliigawa taaluma ya ishara katika matawi matatu: sintaksia, inayochunguza uhusiano wa ishara na ishara nyingine, semantiki, inayochunguza uhusiano wa ishara na vitu vinavyorejelewa, na pragmatiki, inayochunguza uhusiano wa ishara na watumiaji wake. Rudolf Carnap aliufuata mgawanyo huo mwaka 1942. Kwa wanazuoni hao wawili, mpaka ulikuwa suala la ufafanuzi wa jumla. Aliyetaka kujua unapita wapi hasa alihitaji neno lililokaa juu yake, na neno hilo lilikuwa dogo kabisa: kiunganishi cha Kiingereza "and".

Katika mantiki, kauli mbili zilizounganishwa huwa kweli iwapo kila moja ni kweli, na mpangilio wake haubadilishi kitu. P. F. Strawson (1952) alikana kwamba neno la kila siku hufanya kazi hivyo. Kusema kwamba watu fulani walioana na kupata mtoto si sawa na kusema kwamba walipata mtoto na kuoana. Katika jamii nyingi tofauti hiyo ingetosha kuitisha kikao cha wazee. J. O. Urmson (1956) alijenga hoja ya namna hiyo kwa mfano wa mtu anayevua viatu na kupanda kitandani. Iwapo hoja hii ni sahihi, dhana ya "kisha" imo ndani ya neno lenyewe, na kwa hiyo ni mali ya semantiki.

Jibu lilitoka kwa H. P. Grice, aliyewahi kumfundisha Strawson huko Oxford. Katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, Grice alishikilia kwamba maana ya kiunganishi ni ile ile ya mantiki. Mfuatano wa matukio hutokana na kaida ya namna, inayomtaka mzungumzaji aeleze mambo kwa utaratibu. Msikilizaji hudhani kwamba kaida hiyo imezingatiwa, naye hukamilisha kilichobaki. Maana dokezwa ya aina hii hutambulika kwa kuwa inaweza kufutwa bila mzungumzaji kujipinga: walioana na kupata mtoto, ila haijulikani kipi kilitangulia. Uzito wa hoja hii ulikuwa katika uchumi wake. Kamusi haikulazimika tena kulipa neno moja maana lukuki.

L. Jonathan Cohen aliipinga hoja hiyo mwaka 1971, miaka minne kabla ya mhadhara husika kuchapishwa. Alichofanya ni kuingiza muungano huo ndani ya sentensi ya masharti. Kwa mfano: ikiwa walioana na kupata mtoto, bibi atafurahi, ikiwa walipata mtoto na kuoana, atakasirika. Sentensi zote mbili zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mfuatano unagusa masharti ya ukweli ya sentensi nzima, jambo ambalo maana dokezwa, kwa mujibu wa Grice mwenyewe, haipaswi kulifanya. Robyn Carston (1988), akifuata nadharia ya Sperber na Wilson (1986), aliukubali ushahidi huo bila kurudi kwa Strawson: mfuatano hukisiwa kutokana na muktadha, lakini ni sehemu ya kile kinachosemwa. Hapo ndipo mpaka ulipohama kwelikweli. Haukutenganisha tena kinachosemwa na kinachodokezwa, bali kinachobebwa na maumbo ya lugha na kinachokisiwa.

Mjadala huu ulijengwa juu ya lugha isiyo na kiambishi cha mfuatano. Kiswahili kinacho: "-ka-", ambacho E. O. Ashton alikwishakieleza katika sarufi yake ya mwaka 1944. Jaribio la Grice likitumika hapa, matokeo hubadilika. "Walioana wakapata mtoto, lakini mtoto alitangulia" ni kauli inayojipinga, maana mfuatano umo ndani ya kitenzi. Kinachobaki kukisiwa ni sababu: "alikunywa dawa akalala" haisemi kwamba dawa ndiyo iliyomlaza, ingawa msikilizaji huelekea kudhani hivyo. Mfano wa Strawson ukifasiriwa kwa "na" pekee, sehemu hii ya ushahidi hufichika.

Kuwapo kwa "-ka-" kunaigusa pia "na" yenyewe. Mzungumzaji anayesema "walioana na pia walipata mtoto" ameliacha umbo ambalo lingeutaja mfuatano waziwazi. Kwa mantiki ya Grice mwenyewe, msikilizaji ana haki ya kujiuliza kwa nini ameliacha, na pengine kuhitimisha kwamba msemaji hataki kuwajibika kwa mpangilio wa matukio. Kiunganishi cha Kiingereza hakitoi nafasi ya dokezo hilo, kwa kuwa hakuna kiambishi kilichoachwa.