Barua ikae wapi? Kutoka Kwihara hadi Yahoo

Mwaka 1871, Kwihara karibu na Tabora, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuta mfuko wa barua za mpelelezi David Livingstone umekwama. Ulitoka Unguja tarehe 1 Novemba 1870, wapagazi wakazubaa nao Bagamoyo siku mia moja, na ulipofika Unyanyembe, eneo la Kwihara na Tabora, vita vya mtemi Mirambo na Waarabu vikafunga njia ya Ujiji ulikokuwa ukipelekwa. Stanley aliubeba mwenyewe kwa njia ya mzunguko. Livingstone alikuja kuzisoma barua zile zikiwa na umri wa mwaka mzima.

Barua ingoje wapi, njiani au kwa mwenyewe? Ilipokuja barua pepe, wataalamu wa kompyuta walilijibu swali hilo kwa namna mbili. Utaratibu wa POP, uliotangazwa mwaka 1984, ulikuwa wa kwenda kuchukua: programu iliyo kwenye kompyuta yako inaifikia seva, inazoa barua zote na kuzileta nyumbani, na kwa kawaida seva inabaki tupu. Programu ya Eudora, aliyoiandika Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, ilifanya hivyo. Pegasus Mail ya David Harris wa New Zealand ikafuata mwaka 1990. Mahali ambapo intaneti ilipita kwenye waya wa simu na kulipiwa kwa dakika, ulikuwa mpango wa akili sana. Unaandika barua zako zote taratibu bila kuunganishwa, kisha unaunganisha, unatuma, unapokea, unakata.

Kwa namna ya pili, tarehe 4 Julai 1996 Sabeer Bhatia na Jack Smith wakafungua Hotmail, na barua ikabaki kwenye seva, ikisomwa popote penye kivinjari. Nafasi ilikuwa finyu, megabaiti 2 tu. Picha chache zilitosha kuijaza. Gmail ilipotangaza gigabaiti 1 tarehe 1 Aprili 2004, wengi walidhani ni utani wa Siku ya Wajinga.

Kwetu Tanzania, naamini, mshindi aliamuliwa zaidi na intaneti kafe kuliko ubora wa programu. Mtu asiye na kompyuta yake angeziteremsha barua wapi? Kwenye mashine ya kukodi, zisomwe na mteja anayefuata? Ndiyo maana anwani za Yahoo, huduma ya kivinjari kama Hotmail, zilijaa kwenye kadi za biashara, mabango ya maduka, hata barua rasmi za ofisi za umma.

Kila njia ina msiba wake. Aliyetunza barua kwenye kompyuta yake kwa programu ya Outlook Express alizipoteza zote siku diski ilipokufa, labda kwa umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Aliyeziacha kwenye seva yuko chini ya masharti ya mwenye seva: tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti za watu binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili.

Simu ya mkononi imechanganya njia zote mbili, barua za karibuni zikiwa kwenye simu na asili yake kwenye seva. Serikali nayo ikajenga Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, ulio chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, ili mawasiliano rasmi yaondoke Yahoo na Gmail. Mtumishi wa umma aliyepo Tabora anaufungua kwa kivinjari vilevile, ila seva ni ya serikali yenyewe.