Sauti ndani ya helmeti: miaka 50 ya Gold Wing na ugomvi wa visikilizi

Mwaka 2025 Honda iliadhimisha nusu karne ya Gold Wing, pikipiki kubwa iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cologne, Ujerumani, Oktoba 1974, na kuingia sokoni mwaka uliofuata. Sifa nyingi zilikwenda kwa injini yake ya silinda nne zilizolala, yenye ujazo wa cc 999 na kupozwa kwa maji. Lakini pikipiki hiyo ilibeba historia nyingine inayotuhusu zaidi sisi tunaoishi na bodaboda: namna mtu aliyevaa helmeti alivyopata kusikiliza redio, kuzungumza na abiria wake na kupokea simu bila kuachia usukani.

Gold Wing ya kwanza haikuwa na redio, hata kinga ya upepo haikuwa nayo. Wamarekani waliopenda safari ndefu walijifungia wenyewe Windjammer, ngao iliyobuniwa na Craig Vetter. Honda ikaona fedha zinaishia mifukoni mwa wengine. Mwaka 1980 ikatoa GL1100 Interstate, yenye ngao na masanduku kutoka kiwandani, na stereo kwa aliyekuwa tayari kuilipia. Mwaka huohuo Gold Wing ikaanza kuunganishwa Marysville, Ohio. Mwaka 1982 ikaja Aspencade, ya kifahari zaidi, na muziki wa kwenye pikipiki haukuwa tena kazi ya mafundi wa mitaani.

Kuzungumza ndiko kulikokuwa na taabu. Intakomu za zamani zilikuwa za waya. Spika mbili zilichomekwa ndani ya helmeti, maikrofoni ikasimama mbele ya mdomo, na waya ukashuka mgongoni hadi kwenye soketi ya pikipiki. Aliyeshuka akasahau kuchomoa alivutwa shingo. Waliosafiri kwa makundi waliongeza redio za mawasiliano za CB, ambazo Marekani tangu mwaka 1977 zilikuwa na chaneli 40, na kila dereva wa lori aliyekuwa jirani aliweza kusikia mazungumzo yao.

Adui mkubwa wa sauti ndani ya helmeti ni upepo, na injini hufuata nyuma yake. Vipimo vya wataalamu wa Uingereza katika miaka ya 1990 vilionyesha kelele ya karibu desibeli 90 masikioni kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ikipanda hadi karibu 110 kwa kilomita 160. Kanuni za usalama kazini zinazofuatwa na wengi zinaruhusu desibeli 85 kwa saa nane. Zikifika 100, muda salama ni robo saa tu. Sasa weka spika juu ya kelele hiyo. Mwendeshaji anaongeza sauti ili aushinde upepo, na sikio linabeba mizigo miwili. Ndiyo maana wasafiri wenye uzoefu huziba masikio kwa vizibo vya sponji kwanza, kisha husikiliza spika kupitia vizibo hivyo. Upepo unapungua, maneno yanabaki.

Waya uliondoka kwa kishindo kidogo. Kampuni tano, zikiwemo Ericsson na Nokia, ziliunda umoja wa Bluetooth mwaka 1998; Cardo ya Israeli ikaileta kwenye helmeti kwa scala rider mwaka 2004; Sena ya Korea Kusini ikaingia mwaka 2010. Mwaka 2015 Cardo ikaleta meshi. Intakomu za Bluetooth huunganishwa kwa mnyororo, hivyo wa katikati akibaki kwenye mataa, wa mbele na wa nyuma wanapoteana. Katika meshi kila kifaa hupokezana na vilivyo karibu nacho, na aliyeachwa nyuma hurudi kwenye mazungumzo mara anapowafikia wenzake.

Kisha ukazuka mtafaruku wa Ufaransa. Januari 26, 2015, Waziri wa Mambo ya Ndani Bernard Cazeneuve alitangaza mpango wa hatua 26 za kupunguza vifo vya barabarani. Mojawapo ilikuwa kupiga marufuku visikilizi kwa kila anayeendesha chombo, iwe gari, pikipiki au baiskeli. Agizo likatiwa saini Juni 24, likaanza kutumika Julai 1: hakuna kuvaa sikioni kifaa chochote kinachoweza kutoa sauti, isipokuwa vya wenye matatizo ya kusikia. Adhabu, euro 135 na pointi tatu kwenye leseni yenye pointi 12.

Waendesha pikipiki wa Ufaransa hawana desturi ya kunyamaza. Shirikisho lao lilizaliwa mwaka 1980 katika hasira ya kodi ya pikipiki kubwa, na mwaka uliofuata kodi hiyo ikafutwa. Swali lao safari hii lilikuwa la haki: helmeti yenye spika ndani ya sponji, je, imevaliwa sikioni au kichwani? Serikali ikalazimika kufafanua kuwa spika zilizojengwa ndani ya helmeti zinaruhusiwa. Tena mwalimu wa udereva humwongoza mwanafunzi wa pikipiki kwa redio iliyo sikioni, hivyo mafunzo na mitihani vikaachiwa nafasi. Kisikilizi cha shilingi chache kikawa kosa, intakomu ya bei kubwa ikawa halali, ingawa vyote viwili vinaweza kupiga muziki uleule kwa sauti ileile. Naona hapo sheria ilipima kifaa, ikaacha kupima kelele.

Baada ya hapo mambo yameenda haraka. Gold Wing ya 2018 ilikuwa pikipiki ya kwanza yenye CarPlay, mfumo wa Apple wa kuunganisha simu na chombo. Kanuni mpya ya helmeti ya Umoja wa Mataifa, 22.06, imeanza kuangalia pia vifaa vinavyoongezwa kwenye helmeti.

Abiria wa Aspencade alizungumza na dereva wake zaidi ya miaka 40 iliyopita; hapa kwetu, abiria wa bodaboda bado anapiga bega na kupaza sauti, "Kata kushoto hapo!" Dereva naye, ambaye simu ndiyo inayomletea wateja, anaisukumiza kati ya shavu na sponji ya helmeti, kioo kikiwa kimebana ngozi, na kipande kigumu kimekaa mahali ambapo sponji ilitakiwa kupokea pigo akianguka. Kila siku tunamlaumu kwa hilo, na hakuna anayemwonyesha cha kufanya badala yake. Intakomu nafuu kutoka China zimo madukani. Anayenunua aulize kwanza kama helmeti yake ina vishimo vya spika kwenye masikio, kwa kuwa spika iliyokaa nje ya tundu la sikio kwa sentimita moja tu humfanya aongeze sauti siku nzima. Asikate sponji ngumu ya ndani ili kupata nafasi. Na vyama vya bodaboda, vinavyojua kununua viakisi mwanga kwa jumla, vinaweza kununua na intakomu kwa jumla, pamoja na vizibo vya masikio, ambavyo ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote.