Kushi ya Biblia na "Wahamu" wa Maziwa Makuu: Akiolojia na Tafsiri ya Mwanzo 9 na 10

1.0 Utangulizi

Kalemela, mkoani Simiyu, ipo karibu na Ghuba ya Speke, kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria. Ghuba hiyo inabeba jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Mwanza na kuliona ziwa mnamo tarehe 3 Agosti 1858. Speke aliacha zaidi ya jina. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliacha pia maelezo kuhusu asili ya watu wa eneo la ziwa, na maelezo hayo aliyasimika juu ya Biblia. Insha hii inachunguza namna maelezo hayo yalivyojengwa na namna ushahidi wa akiolojia ulivyoyapima. Hoja yake ni kwamba, katika suala hili, kilichoporomoka mbele ya ushahidi wa ardhini ni tafsiri iliyobandikwa juu ya matini. Matini yenyewe yalisema mambo machache zaidi ya yale yaliyodaiwa kwa jina lake.

2.0 Matini na Tafsiri Yake

Katika Mwanzo 9, Nuhu anatamka laana. Anayelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu mwenyewe halaaniwi, wala rangi ya ngozi haitajwi. Mwanzo 10 inawataja wana wa Hamu kuwa ni Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Hata hivyo, kwa karne nyingi wafasiri waliihamisha laana ya Kanaani wakaitwika Afrika nzima, na tafsiri hiyo ikawa kinga ya biashara ya utumwa.

Speke aliirithi tafsiri hiyo. Katika utangulizi wa kitabu chake aliichukulia hali ya Waafrika kuwa uthibitisho ulio hai wa laana ya Hamu. Alipokutana na falme zenye mpangilio mzuri huko Karagwe na Buganda, nadharia yake ilipata mkwamo: watu waliolaaniwa wangewezaje kujenga dola? Jibu lake lilikuwa kwamba watawala wa falme hizo, aliowaita Wahuma, walitoka Abisinia.

Edith Sanders (1969) ameonesha kwamba kugeuka huku kulikuwa na historia ndefu zaidi. Baada ya jeshi la Napoleon kuingia Misri mwaka 1798 na ustaarabu wa kale wa nchi hiyo kujulikana zaidi Ulaya, "Mhamu" alianza kubadilishwa. Aliyekuwa mweusi aliyelaaniwa akafanywa mweupe mleta ustaarabu. C. G. Seligman aliipa nadharia hiyo vazi la kisayansi katika kitabu chake cha mwaka 1930. Neno likabaki lilelile, maana ikapinduka. Na pande zote mbili Mwafrika alinyimwa kazi ya mikono yake.

3.0 Kushi Ardhini

Kama Kushi ni mwana wa Hamu, nchi ya Kushi ndiyo mahali pa kwanza pa kuipimia nadharia hii. Nchi hiyo ilikuwa katika bonde la Mto Nile, kaskazini mwa Sudani ya leo. George Reisner, Mmarekani aliyekwisha kuchimbua Samaria ya Biblia kati ya mwaka 1908 na 1910, alichimbua Kerma kati ya 1913 na 1916. Alikuta makaburi makubwa ya kifalme, lakini akayahusisha na watawala Wamisri, kwa kuwa hakuamini kwamba Wanubi wangeweza kuyajenga. Uchimbuaji wa Charles Bonnet, ulioanza miaka ya 1970, ulithibitisha kwamba Kerma ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Wanubi wenyewe.

Mwaka 2003 kikosi cha Bonnet kilifukua karibu na Kerma sanamu saba za mawe za wafalme watano wa Kushi. Mmoja wao ni Taharqa, anayetajwa katika 2 Wafalme 19:9 na Isaya 37:9 kwa jina la Tirhaka, mfalme wa Kushi, akitoka kupigana na Waashuru. Hapa matini na ardhi vinakutana juu ya mtu mmoja. Wakati huohuo ardhi inasahihisha jambo: vita vya Senakeribu dhidi ya Yuda vilitokea mwaka 701 KK, ilhali Taharqa alitawazwa yapata mwaka 690 KK. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba mwandishi alimpa cheo alichokuja kukipata baadaye.

La msingi ni kwamba Kushi inayoonekana katika vitabu hivyo ni dola ya Kiafrika yenye jeshi, ambayo Ashuru ililazimika kuizingatia. Haina dalili ya watu waliolaaniwa.

4.0 Udongo wa Maziwa Makuu

Kuhusu eneo la ziwa lenyewe, ushahidi mkuu ni vigae. Mwaka 1948 Mary Leakey, Louis Leakey na Shemasi Mkuu W. E. Owen, kasisi wa Kianglikana, walichapisha maelezo ya vyungu vyenye kijishimo katika kitako kutoka Nyanza ya Kenya. Vyungu vya aina hiyo baadaye viliitwa vya Urewe. Tangu wakati huo vimepatikana kuzunguka ziwa, Buhaya, Rwanda na Uganda. Peter Schmidt, katika utafiti wake wa Katuruka na maeneo mengine ya Buhaya, alionesha kwamba wahunzi wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kabla yao kulikuwa na wavuvi na wawindaji waliofinyanga vyungu vya Kansyore. Utafiti wa Soper na Golden, uliochapishwa mwaka 1969, uliorodhesha maeneo ya kale mkoani Mwanza, jirani na Kalemela.

Mfuatano huu wa tabaka unaonesha watu walioingiliana, waliohama na waliojifunza. Ufugaji, kilimo na uhunzi viliingia kwa njia na nyakati tofauti. Hauoneshi kundi moja la watawala weupe lililofika na ustaarabu uliokamilika. Ni kweli kwamba kigae hakisemi mfinyanzi wake alizungumza lugha gani, na kwa sababu hiyo akiolojia inahitaji msaada wa isimu na masimulizi. Lakini kigae kina tarehe na mahali, vitu ambavyo nadharia ya Speke haikuwa navyo.

5.0 Gharama ya Tafsiri

Huenda msomaji akauliza kwa nini nadharia iliyokufa vyuoni ijadiliwe tena. Jibu linapatikana Rwanda. Utawala wa Wabelgiji uliwachukulia Watutsi kuwa Wahamu waliozaliwa kutawala, na kuanzia miaka ya 1930 uliandika kabila katika vitambulisho. Novemba 1992 Léon Mugesera alitoa hotuba iliyotaka Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia Mto Nyabarongo. Ile Abisinia ya Speke, iliyokuwa sifa mwaka 1863, sasa ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1994 Mto Kagera, unaopokea maji ya Nyabarongo, ulileta maelfu ya maiti hadi Ziwa Victoria.

6.0 Hitimisho

Akiolojia haiwezi kuthibitisha wala kukanusha laana ya Nuhu. Tamko halina tabaka la udongo. Inaweza kuthibitisha kuwapo kwa Taharqa, kusahihisha mwaka wa kutawazwa kwake, na kuonesha nani aliyefinyanga na kufua chuma kando ya ziwa. Kwa shule na makanisa ya Kalemela na kwingineko, somo la Mwanzo 10 linapofundishwa lingefaa kuambatana na ushahidi huo. Anayemsoma Kushi katika Biblia aoneshwe pia sanamu za Kerma, na anayesikia neno "Mhamu" aelezwe lilitungwa na nani, lini, na liligharimu nini.