Fadhila ya Punda

Nimekua nikiambiwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Niliiamini methali hiyo mpaka nilipoanza kusoma historia ya migodi ya Colorado, magharibi mwa Marekani.

Baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1850, na baadaye fedha, migodi mingi ilichimbwa juu milimani, mahali pengine zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Magari ya kukokotwa hayakuweza kufika. Punda alifika. Asili yake ni Afrika yetu hii. Wahispania ndio waliomvusha bahari. Alipanda kwa vijia vyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, mzigo umefungwa kwa kamba juu ya tandiko la mbao: unga, mishumaa, baruti, hata mbao ndefu zilizoburuza ncha chini. Akishatua, alibebeshwa magunia ya mawe yenye madini, akashuka nayo.

Katika picha za zamani za mji wa Telluride, misafara ya wanyama wa mizigo imejaa barabarani. Huzitazama nikiwaza kwamba mchimbaji hakula mkate wala kuwasha mshumaa ila kwa mgongo wa mnyama.

Kisha reli ikaja. Ilifika Silverton mwaka 1882, Telluride mwaka 1890. Migodi mingine ikafungwa. Kote magharibi, punda wengi waliachiwa wajitafutie, na wengine wakapigwa risasi kwa kuonekana kero. Sheria ya taifa ya kuwalinda punda hao wa mwituni ilipitishwa mwaka 1971.

Mji mdogo wa Fairplay ulikuwa umetangulia kukumbuka. Pale kuna mnara wa punda aitwaye Prunes, ulioandikwa 1867 hadi 1930. Husimuliwa kwamba alitumwa mjini peke yake na orodha ya vitu, akarudi mgodini na mzigo kamili. Uzeeni alizunguka mlango kwa mlango akiomba chakula, na watu wakampa. Rupert Sherwood, mchimbaji mzee aliyekuwa mwenye punda huyo, aliomba azikwe karibu naye. Alipofariki mwaka 1931, majivu yake yalizikwa nyuma ya mnara.

Methali ile bado naisikia. Siku hizi huuliza kwanza: huyo punda alikuwa amebebeshwa nini, na akapewa nini?